Mama Fagio na Meno ya Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Na wewe unayesikiliza kwa redio ya jirani, mwombe aongeze sauti kidogo, leo hatakunyima.

Leo tunamkumbuka mtu ambaye kazi yake mmeisikia kila siku, na yeye mwenyewe hamjawahi kumsikia. Alikuwa mhariri wetu wa sauti. Sisi tulimwita Mama Fagio. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na tumekwisha kumzika. Nimelia, sifichi. Lakini leo sikuja kulia, nimekuja kujivuna kwa niaba yake, maana yeye hakujua kujivuna kabisa.

Kwa nini Fagio? Wasikilizaji wapendwa, mdomo wa binadamu una fujo. Mate yanabofya. Midomo ikiachana inalia. Ulimi unanata juu, kisha unabanduka. Mkiongea sebuleni hamvisikii hivyo vyote. Ila kipaza sauti kiko puani mwa msomaji na hakina haya, kinazoa kila kitu. Kazi ya Mama Fagio ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuviondoa, kimoja kimoja, kabla sauti haijawafikia. Hata mimi mnayenisifu kwa sauti nzuri, jamani, nusu ya sifa hizo si zangu.

Mdogo wake anasema dada alizaliwa na masikio hayo. Bomba la uani likidondosha tone, wenzake wanaendelea kula, yeye anainuka kwenda kulikaza. Na mumewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema ndoa yao ilimfunza adabu ya chai. "Hakuwahi kunigombeza," anasema. "Nikifyonza kikombe ananitazama tu. Naweka chini."

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya viti vibovu. Blanketi kuukuu zilining'inia ukutani kuzuia mwangwi. Kiyoyozi alikizima kwa sababu kinavuma, akajipepea kwa kipande cha boksi. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ilionekana kama picha: maneno yamejaa mapana, na mbofyo wa mate ni mstari mwembamba uliosimama wima. Aliutafuta, akauzungushia alama, akaufuta, akasikiliza tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Fagio aliinama kuliko sisi sote.

Sasa niwape kisa cha Mwalimu. Mwalimu ndiye msomaji wetu wa masomo ya redio. Watoto walio mbali na shule wamejifunza kusoma kwa sauti yake, na wengine leo ni wazazi. Kabla ya kuanza hadithi hupiga ulimi mara moja, nts, na watoto wanajua: haya, tulieni. Basi mwaka mmoja Mwalimu akatiwa meno ya bandia. Loo! Kila sentensi ikawa na vibofyo, tk, tk, tk, kama mtu anayehesabu vifungo, vingi kuliko muda wa kuvifagia. Wasikilizaji wakapiga simu kulalamika. Mkuu wa vipindi alimpenda mzee, lakini masomo mapya yalikuwa karibu kuanza. Akasema somo la kwanza lisikilizwe kwenye kikao cha kesho yake, na kama meno bado yanasikika, kiti atapewa msomaji mwingine.

Mwalimu akaenda hadi mwisho wa korido, akakaa. Alikuwa mtu wa utani, na siku hiyo hakuwa nao. Alimwambia Mama Fagio kwamba mkewe amekwisha tangulia, watoto wako mbali, na asubuhi zake zote ni masomo yale. Wakimwondoa, hajui ataamka kufanya nini.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Mama Fagio alikosea. Alikosea kwa huruma. Ile programu ya kompyuta ina sehemu ya kufuta vibofyo vyote kwa mpigo mmoja, na mwenyewe alikuwa akitukanya kila siku tusiipandishe sana. Siku ile aliipandisha hadi mwisho. Vibofyo vikatoweka, kweli, hakikubaki hata kimoja. Lakini herufi zenye ncha, kama t na k, nazo zikaliwa, na ile nts ya watoto ikaenda na maji. Akamvalisha mzee hedifoni, akamchezeshea.

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Akazivua taratibu.

"Binti yangu," akasema, "huyu anayesoma ni nani?"

Mama Fagio hakujitetea. Akasema, "Nisamehe, baba. Nilitaka kukusafisha, nikakufuta." Akairudisha sauti ilivyokuwa, vibofyo vyote, akaanza upya kwa mkono.

Alishinda pale siku nzima. Chakula kilimpoa pembeni. Kila mstari aliukuza, akausikiliza, akajiuliza: hili ni jino, au ni Mwalimu? Likiwa jino, linafutwa. Akiwa Mwalimu, anabaki. Ile nts hakuigusa. Ofisi zinafungwa, yeye akamaliza sentensi ya mwisho, akalala kifudifudi juu ya meza kama mtu aliyebeba gunia.

Kesho yake kikao kikasikiliza. Mkuu wa vipindi akamgeukia Mwalimu, akamuuliza meno yamebadilishwa lini. Mama Fagio akatazama viatu vyake. Mwalimu akajibu, "Hayajabadilishwa. Yamefagiwa." Chumba kizima kikacheka, na kiti kikabaki kwa mwenyewe. Tangu hapo Mama Fagio alimfundisha mzee kunywa maji mapema, kupaka dawa ya kushikiza meno, na kutafuna kipande cha tofaa la kijani kabla ya kurekodi, maana ule uchachu hukata mate mazito. Mwalimu alilalamika kwamba kwa umri wake amerudishwa darasa la kwanza. Lakini tofaa alitafuna.

Usione vyaelea, vimeundwa. Msikieni mumewe juu ya siku za mwisho, pale hospitalini. Redio ya wodini ilikuwa ikicheza somo la Mwalimu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, lo, huyu mzee ana sauti safi. "Nikataka kumwambia ni kazi ya mke wangu," anasema fundi. "Akanibana mkono, akatabasamu. Nikanyamaza. Leo nasema. Ilikuwa kazi ya mke wangu."

Imesikika, fundi. Nchi nzima imesikia.

Kwako fundi, kwa wanao, kwa mdogo wa marehemu na ukoo wote, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi, na tunajivuna pamoja nanyi. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, ninawaomba jambo moja. Leo mkifurahia kitu kisicho na kasoro, ulizeni nani amekitoa kasoro. Mkimpata, mwambieni angali anasikia.

Namwachia Mwalimu maikrofoni. Hii ni moja kwa moja, hakuna wa kufagia. Nilipomkumbusha hivyo, akatoa mfukoni kipande cha tofaa kilichofungwa kwenye leso. Akakitafuna chote, akanywa maji yake, akaniambia, "Amechoka yule. Leo nisimpe kazi."

Karibu, Mwalimu. Wasikilizaji, msinyanyuke, mnajua anavyoanza.

Nts.