Machozi Yote kwa Lusweti

Nyuma ya stesheni ya Bungoma, pale njia ya Kanduyi inapokutana na ile iendayo kwenye mashine ya kusaga mahindi, palikuwa na benchi lililotengenezwa kwa taruma kuukuu la reli. Mwaka huo wa 1949 benchi halikuwa na mwenyewe, ila lilikuwa na utaratibu. Mama Dinah, aliyeuza kahawa ya miteremko ya Elgon aliyoitwanga mwenyewe, aliketi kwenye kigoda kando ya jiko. Upande wa kivuli aliketi Bramwel, mkalimani mstaafu wa baraza, ambaye kwa tabia yake ya kutoa hukumu pasipo kuombwa aliitwa Hakimu. Aliyefuata ni Ndung'u, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kitale, aliyeitwa Debe kwa sababu ya chombo alichopimia. Mwishoni, bega kwa bega, waliketi Wekoye na Wabwile, watu wa rika moja la tohara, walioitana mukoki kama waitanavyo wote waliosimama mbele ya kisu msimu mmoja. Alasiri ninayoieleza, mabega yale hayakugusana.

Ili ugomvi wao ueleweke, sharti kwanza mchezo ueleweke. Hakimu alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kanisani, juu ya ndugu wawili, Khaemba na Lusweti. Katika sehemu ya kwanza, majirani wanaunganisha ng'ombe wao ili walime shamba la kila mmoja kwa zamu, kama ilivyo desturi. Khaemba, mwenye plau, anashika mikono ya plau nyuma. Mwingine anatembea kando na kiboko. Mbele kabisa, akishika kamba ya ng'ombe wawili wa kwanza, kwa kawaida hutangulia mtoto, kwa maana kazi hiyo haihitaji nguvu wala ujuzi. Lusweti, mtu mzima mwenye ndevu, hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuchangia. Basi kamba akashika yeye. Hakuna aliyemcheka. Hata hivyo, mtu akikohoa, yeye alisikia kicheko.

Katika sehemu ya pili, alfajiri moja, Lusweti anazikata nusunusu kanda za ngozi zinazofunga nira, akitaka plau ikwame na nduguye aaibike mbele ya majirani. Kanda zinakatika mteremkoni, ng'ombe wanakimbia, plau inamburura Khaemba na kumvunja mguu. Lusweti anatorokea Kitale na kuwa kibarua katika shamba la mzungu. Katika sehemu ya tatu anarudi msimu wa kulima, hasemi neno, anakwenda mbele na kuishika ile kamba ya mtoto. Hapo mchezo unaisha.

Siku ya sikukuu, Wabwile ndiye aliyekuwa Lusweti. Alipoishika kamba, akina mama walilia waziwazi. Bibi Agneta, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitoa kitu, alimpa kuku. Vijana walimbeba mabegani hadi langoni, na tangu siku hiyo hata watu wazima walimwita Lusweti kwa heshima. Wekoye, aliyekuwa Khaemba, alichechemea sehemu nzima ya tatu akiegemea mkongojo, kisha akaenda nyumbani peke yake. Huko mkewe, Lenah, macho bado mekundu, alimweleza kwa kirefu jinsi Wabwile alivyoigiza.

Sasa kanisa la Kitale lilikuwa limewaalika waupeleke mchezo huko Jumamosi. Debe alikuwa amekwisha kupata lori. Ndipo Wekoye, baada ya kumaliza kikombe cha kwanza, alipotoa sharti lake.

— Mimi sipandi lori mpaka mwisho ubadilishwe. Lusweti akirudi, afukuzwe.

— Afukuzwe na nani? aliuliza Hakimu.

— Na majirani. Na ng'ombe. Na yeyote. Mtu amenivunja mguu, amepotea huko Kitale, halafu anakuja kushika kamba kidogo tu, ati watu wanalia. Mimi niliyelima na mguu mmoja, nani alinililia?

— Kumbe si mguu unaouma, alisema Debe. — Ni machozi.

Wekoye hakukana. Alisema tu kwamba bila Khaemba hakuna mchezo, na jambo hilo lilikuwa kweli. Siku za mazoezi zilizobaki hazingetosha kumfundisha mtu mwingine.

Hakimu aliona inafaa kuanza na chanzo cha uovu wenyewe. Alieleza, akihesabu kwa vidole, kwamba Lusweti hakuanza kwa kumchukia nduguye. Alianza kwa kujidharau mwenyewe. Kisha akaamini kwamba kila mtu anamdharau vivyo hivyo. Kisha akamchukia zaidi yule aliyemtendea mema, kwa sababu kila wema aliuona kuwa ni huruma, na huruma aliiona kuwa ni tusi lenye adabu. Katika sehemu ya kwanza Khaemba alipompa gunia la maharagwe, Lusweti alisikia akiambiwa kwamba hana maharagwe.

— Kwa hivyo mwenye kosa ni aliyempa maharagwe, alisema Wekoye. — Endelea tu, bana. Mwisho utasema mguu nilijivunja.

Debe alikuwa na maoni mengine. Alidai kwamba nyumba ya Lusweti haikuwa na kioo. Mtu asiyejiona, alisema, hujitungia sura, na akiwa na huzuni hujitungia mbaya. Huko Kitale alimjua kibarua mmoja wa mtaa wa Kipsongo aliyekuwa mgomvi kupindukia hadi aliponunua kofia. Tangu siku ile hakumpiga mtu, maana angeiangusha. Kwa hiyo Debe alishauri kwamba katika sehemu ya pili, kabla Lusweti hajazikata kanda, apite mchuuzi wa kofia.

— Na mama yao yuko wapi? aliuliza Mama Dinah.

Hakimu alikiri kwamba mama alifariki kabla mchezo haujaanza, kwa kuwa walikosa mtu wa kumwigiza.

— Unaona. Umemuua mama wa watu, sasa unakaa hapo na vidole ukitafuta kijana aliharibikia wapi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mrama. Debe aliiacha kofia na kuwashtaki ng'ombe. Alisema ng'ombe wa mbele upande wa kulia humtambua mtu anayejichukia na hukataa kumfuata. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, na mjomba mmoja alihama kwa aibu. Hakimu alijibu kwamba kama ng'ombe anajua kiasi hicho, basi yeye ndiye angetunga mchezo. Wekoye aliwaacha wamalize, kisha akatoa nadharia iliyowapita wote: kwamba Lusweti hakutubu hata kidogo. Alikaa Kitale raha mustarehe, akala ugali wa mzungu, mpaka aliposikia kwamba Bungoma anayetubu hupewa kuku.

Debe alicheka. Mama Dinah alicheka. Wabwile, ambaye hadi hapo alikuwa akikizungusha kikombe chake bila kunywa, hakucheka.

— Nikwambie kitu, mukoki, alisema. — Mimi nikishika ile kamba sioni watu. Mara ya kwanza nashika kwa sababu sina ng'ombe. Mara ya mwisho nashika na hakuna mtu amenituma. Kamba ni ile ile, mahali ni pale pale pa mtoto. Lakini safari hii nimepachagua mwenyewe. Ni hiyo tu naigiza.

— Umesema vizuri, alijibu Wekoye taratibu. — Wewe husema vizuri siku hizi. Mimi nikipita sokoni, watu wananyamaza. Nikishapita nasikia kicheko.

Hakimu aliinua kidole.

— Hebu rudia. Ukishapita unasikia nini?

Wekoye hakurudia. Hakukuwa na haja, kwa maana kila mmoja pale benchini alikuwa ameukariri mchezo, na kila mmoja alijua ni nani ndani yake aliyesikia vicheko mahali ambapo watu walikuwa wakikohoa. Wekoye alitazama moshi wa jiko. Kisha, badala ya kuaibika kama Hakimu alivyotarajia, akageuka na kutoa sharti jipya.

— Sawa. Basi tubadilishane. Nipeni mimi Lusweti. Kama kazi ni kusikia vicheko na kujiona takataka, mimi ninaijua kazi hiyo. Wabwile achukue mkongojo.

— Hapana, alisema Wabwile.

Alilisema haraka mno, na wote wakamtazama. Alijaribu kulipunguza makali kwa kueleza kwamba maneno ya Khaemba ni mengi na yeye hana kumbukumbu. Kisha akaona kwamba hakuna anayemwamini, akaacha.

— Wewe una ng'ombe, mukoki. Kila mwaka shamba langu hulimwa na ng'ombe zako, baada ya mashamba ya wenye ng'ombe wote. Sisemi ni vibaya. Mvua huwa imeanza, lakini nalimiwa. Mimi nasema asante, naenda nyumbani, na ile asante naibeba mwaka mzima. Kitu kimoja tu nimepata ambacho wewe huna. Mwovu wa kuigiza. Na huyo pia unamtaka.

Mama Dinah alimimina kahawa bila kuuliza nani anahitaji. Wekoye alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoionea wivu miaka yote ni yake mwenyewe, ikitazamwa kutoka upande wa pili wa barabara. Alianza kusema kwamba hajawahi kuzipanga zile zamu za kulima kwa nia mbaya. Wabwile akasema anajua, na kwamba hilo ndilo humkera zaidi, kwa kuwa angekuwa na nia mbaya ingekuwa rahisi. 

Ni wakati huo alipokaribia mama mmoja ambaye hawakumjua. Alisema anaitwa Nakhungu, ametoka Bokoli, anangoja zamu yake mashineni, na pale palikuwa na kivuli. Mama Dinah alimsogezea gunia la kukalia. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akawatazama Wekoye na Wabwile kwa zamu, kisha akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa.

— Wazee, naomba kuuliza. Nilikuwa pale kanisani siku ya mavuno. Huyu aliyevunjika mguu, alimsamehe ndugu yake wakati gani?

Hakimu alijibu upesi kwamba msamaha umo ndani ya kile kitendo cha kuishika kamba.

— Hicho ni cha Lusweti, alisema Nakhungu. — Mimi nauliza cha ndugu.

Basi Hakimu akaupitia mwisho wa mchezo kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kama alivyoutunga. Khaemba amesimama nyuma ya plau. Lusweti anatokea. Majirani wanasogea kando. Lusweti anapita, anakwenda mbele, anainama, anashika kamba. Ng'ombe wanaondoka. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapitia tena bila sauti, midomo ikicheza. Hakukuwa na mahali ambapo Khaemba anasamehe.

— Mimi huwa nimempa mgongo, alisema Wabwile. — Sijawahi kumwona uso.

Nakhungu alimgeukia Wekoye.

— Na wewe, baba, ukisimama pale nyuma, moyoni unasema nini?

— Niliambiwa nisimame tu.

Nakhungu alingoja kidogo, kwa adabu, kama kungekuwa na zaidi. Kisha sauti kutoka mashineni ikaita watu wa Bokoli, naye akashukuru kwa kahawa, akajitwika mahindi yake, akaenda. 

Hakimu alikohoa. Alisema kwamba, kwa kuwa upungufu umeonekana, huko Kitale Khaemba ataongezewa neno.

— Neno gani? aliuliza Wekoye.

— Lako. Mimi sina.

— Na nikitaka kumfukuza?

— Mguu ni wako. Mfukuze.

Wekoye alikuwa amepewa kila alichokuja kukidai, na hakuonekana kama mtu aliyepewa kitu. Kando yake Wabwile alikiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Siku ya mavuno alikuwa amebebwa mabegani na umati ambao haukuwa umevunjika mguu. Msamaha wao ulikuwa mwepesi, na yeye aliuchukua kana kwamba ndio ule wa Khaemba.

— Mukoki, alisema. — Jumamosi nikirudi, utanifukuza?

Wekoye alimgeukia, akamtazama usoni.

— Sijui. Wewe njoo ushike kamba. Nitajua hapo.