Mama Emerance Hajafa, Anastaafu Tu

Tarehe 31 Desemba 2023, Mama Emerance Mukamugema anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kutia dawa katika maji ya kituo chetu cha maji hapa Kituku, kando ya ziwa. Jarida letu la kazini limeniomba niandike habari hii kwa utulivu. Nitajaribu, ingawa wenzangu wamenichosha.

Alianza mwaka 1994, wakimbizi walipojaa mjini na kipindupindu kikawa kinazoa watu kila kona. Binti wa kijijini Kalengera, mkali tangu hapo, alisimama ufukweni akitia klorini katika kila bidoni, yaani dumu la maji. Waliolalamikia harufu aliwasubirisha mpaka dawa ifanye kazi. Volkano ilipounguza bohari yetu mwaka 2002, alirudi kazini kabla ya wakubwa. Vita navyo vimeingia na kutoka mjini, na yeye bado anatugombeza kwa vipimo vibaya.

Mwaka 2019 aliugua kansa ya titi. Akapasuliwa, akatibiwa kwa mionzi Kampala, akapona, akarudi. Daktari alimwambia atembee kila siku, ale vizuri, aulinde mkono wa upande uliopasuliwa, na asikose kwenda kupimwa. Wenzangu, ambao si madaktari, wakamkataza hata kufungua bomba. Aubin, fundi wa pampu, akawa anamletea chupa za majani machungu. Wengine walimsalimia kwa sauti ya msibani. Jamani! Mama huyu alitaka kitu kimoja tu, ahesabiwe kuwa mzima kama sisi, na kunyimwa hicho kulimuumiza kuliko sindano zote.

Wiki iliyopita mambo yakaharibika kabisa. Mkuu wetu, Papa Grégoire, alipaswa kutangaza kustaafu kwa Mama Emerance kwenye WhatsApp. Kwa kuwa mapigano yako karibu na Sake, si mbali na hapa, akaogopa kuandika "retraite", neno la Kifaransa tunalotumia siku zote kwa kustaafu, watu wasije wakadhani ni jeshi linalorudi nyuma. Akajiona mwerevu, akaandika: "Mama yetu Emerance anaenda kupumzika." Basi! Kila aliyesoma akakumbuka ile kansa. Kabla ya jioni, uani kwake palikuwa na turubai, viti vya kukodi na wanakwaya wa parokia. Aubin alikuwa analia kuliko ndugu wa damu.

Mwenyewe akatokea, anatoka kutembea, jasho linamtiririka. Akawatazama wote.

"Kama mulikuja kulia, mulie mbiombio," akasema. "Miye niko na njaa."

Wanakwaya walibaki wakala naye. Papa Grégoire hadi leo anaingia kazini kwa mlango wa nyuma ili asikutane naye.

Ili kufuta aibu, tulimnunulia buti za mpira, maana kuanzia Januari atakwenda kuwafundisha waliokimbia vita, kule kambini Bulengo, namna ya kusafisha maji. Huko ndiko kustaafu kwake! Wenzangu wakachagua buti nyepesi, za bei ndogo, eti wanamhurumia. Alizikunja kwa mkono mmoja, akazirudisha.

"Hizi zitaisha mu miaka mbili," akasema. "Kisha nitavaa nini?"

Tumemtafutia ngumu.

Mama Emerance, asante kwa maji safi na kwa makelele yote. Tunakutakia uzivae mpaka zitoboke, kisha uje hapa kutugombeza tukununulie zingine.