Nguo ya Soseji

Kwenye benchi lililo mbele ya banda la kuziba pancha, ambako hakuna jambo ambalo halijawahi kuamuliwa, Shahada aliketi na sinia la soseji magotini. Jina hilo alipewa kwa ajili ya digrii yake ya sayansi ya vyakula. Kitu kingine digrii haijampa. Soseji alizitengeneza dada yake, kwa mashine ya kuazima, na asubuhi hiyo alimwambia wazi: zikirudi bila kununuliwa, mashine inarudi kwa mwenyewe na yeye anarudi kufulia watu nguo. Basi Shahada akagawa vipande vya kuonja bila kusema vimetoka kwa nani.

— Hii nguo ya nje ni nailoni, alisema Pancha, mwenye banda, akitafuna. Nailoni tupu!

— Nailoni wapi! Ni gundi ya kwato, alisema Wakili, ambaye mahakama huiona akipita barabarani. Na ndani ni karatasi za mitihani.

— Acha wewe!

— Za watoto wetu! Zikishasahihishwa unadhani huenda wapi? Tafuna taratibu, utasikia wino.

— Kweli bwana, wino huu! Lete kingine nihakikishe.

— Na huyo anayetupikia sumu hii, mwenyewe hali. Muuaji!

Damu ikampanda Shahada.

— Excuse me! Huyo muuaji ni dada yangu, tumbo moja! Karatasi kitu gani? Ndani ni nyama ya paja, mafuta, kitunguu saumu na barafu. Nje ni utumbo wa kondoo, original! Nimeupindua mimi, nikaukwangua ute, nikausugua kwa chumvi mpaka ukapitisha mwanga!

Pancha alitema.

— Utumbo? Ule wa... mavi?

— Nimeuosha!

— Kwa hiyo ulijua unaosha nini! Wasomi hawa, mnatulisha utumbo mchana kweupe!

Muuguzi aliyekuwa akingoja baiskeli yake izibwe akageuka.

— Samahani, kaka zangu. Mlisema nailoni, mkala. Mkasema karatasi, mkaomba nyongeza. Mmeambiwa kondoo, mnatema. Kwa nini?

Wakili akainamia kikombe chake cha chai.

— Dada, tairi lako tayari, alisema Pancha.

— Sijauliza tairi.

Shahada akabeba sinia lake mpaka benchi la pili, mbele ya kinyozi. Huko mzee mmoja alishika kipande, akakigeuza.

— Kijana, hizi zimetengenezwa kwa kitu gani?

Shahada akasaga meno.

— Wewe baba tafuna, alisema, kisha uniambie.