Oili ya Pikipiki ya Chanjo: Risala ya Watumishi wa Zahanati

Mgeni rasmi, Mkuu wa Idara ya Usafiri ya Makao Makuu. Maofisa ulioongozana nao. Mganga mfawidhi wetu. Majirani, na akina mama mliokuja na watoto mgongoni:

KARIBU

Tumefurahi umefika, na tunasema hivyo bila kupamba. Kwa mwaka mmoja na nusu tumekuandikia barua nne, zote kuhusu jambo moja, tukafika mahali pa kuamini kwamba hazisomwi. Leo umekuja mwenyewe, umeketi, na itifaki inakutaka usikilize mpaka mwisho. Utusamehe tukiutumia muda huu wote.

Tuliagizwa risala isizidi dakika tano. Rasimu ya kwanza tuliituma ofisini kwako, ikarudi imepigwa mistari myekundu na pembeni pameandikwa: "Semeni changamoto ndogondogo. Msitaje oili." Tukaandika ya pili bila kutaja oili. Ilijaa nusu ukurasa, na robo yake ilikuwa salamu. Hii unayoisikia sasa ni ya tatu. Haikupitia kwa mtu.

HISTORIA FUPI

Zahanati yetu ina vyumba vinne, baraza moja na watumishi saba. Chanjo tunazipeleka kwenye vituo kumi na moja, kila kimoja na siku yake, na anayezipeleka ni mchanjaji wetu, ambaye mnamwona pale safu ya tatu. Zamani alikwenda kwa miguu, kisanduku baridi begani. Miaka mitatu iliyopita idara yako ilituletea pikipiki. Ilikuwa imeshatumika katika ofisi mbili kabla yetu, tena si kidogo, maana kiti kilikuwa na umbo la mtu tusiyemjua. Tuliipokea kwa moyo mweupe, tukaiita Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa mvumilivu. Aliwaka asubuhi, alipanda kilima, alirudi. Ila alikuwa na doa. Kila alipoegeshwa barazani, chini yake palibaki duara jeusi la oili, dogo tu, la ukubwa wa kifuniko cha soda. Mama Usafi, ambaye ndiye anayedeki baraza hilo, alikuwa wa kwanza kulalamika. Tukafanya kama taratibu zinavyosema: tukajaza fomu, tukaipeleka makao makuu, tukasubiri fundi.

MAFANIKIO

Hapa tulitakiwa tuandike mafanikio ya matengenezo. Tutaeleza yaliyofanyika, nawe utaona mwenyewe kama ni mafanikio.

Fundi wako alikuja mara tatu. Mara ya kwanza aliinama, akaona tone linaning'inia kwenye nati ya chini, ile ya kumwagia oili chafu. Akasema, "Ni hii, imelegea." Akaikaza. Akaikaza tena. Ikalia kidogo, ikaanza kuzunguka bure, meno yamekwisha. Akaandika kwenye fomu kwamba mvujo umeshughulikiwa. Alipoondoka tulikuwa na mvujo ule wa zamani na mwingine mpya wa kwake.

Mara ya pili alikuja na gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio ya injini. Injini nzima ilikuwa imelowa upande wa chini, vumbi limeganda juu ya oili kama ugonjwa wa ngozi. Muuguzi wetu, ambaye sote tunamwita Sista, alimuuliza kwa upole, "Fundi, huioshi kwanza?" Akajibu, "Sista, mimi sijaja kuosha, nimekuja kutengeneza." Akafungua kava ya klachi, akabadilisha gasketi, akafunga. Kesho yake duara lilikuwa palepale. Gasketi ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ilitolewa kazini ikiwa nzima.

Mara ya tatu alikuja na mrija wa silikoni, ile gundi ya kuzibia. Kuanzia siku ile tulimpa jina la Fundi Paka, na hatumaanishi mnyama. Kila palipong'aa alipapaka. Alipaka maungio, alipaka nati, alipaka hata mahali pasipo na maungio. Halafu akakuta mpira mmoja mwembamba unaotoka juu ya injini na kuishia hewani, mdomo wake una unyevu wa oili. Akasema, "Kumbe ndiyo hii." Mlinzi wetu alikuwa amesimama karibu na alimwona akiuhangaikia mpira huo, ila hakujua kinachofanyika, na hakudhani ni mahali pake kuuliza. Fomu ya siku ile tunayo. Imeandikwa kwa herufi kubwa: MVUJO UMEDHIBITIWA. KAZI IMEKAMILIKA.

Hayo ndiyo mafanikio, Mgeni rasmi.

CHANGAMOTO

Siku tisa baada ya kazi kukamilika, mchanjaji wetu alitoka asubuhi na chanjo za surua. Kwenye mteremko wa kinu cha kusaga, aligusa breki kumpisha mtu mwenye toroli. Gurudumu la nyuma likakimbia pembeni kana kwamba limekanyaga sabuni. Wenye kinu wanasema walisikia kishindo, na walipotoka walimkuta amekaa chini barabarani, mkono mmoja hauinuki, na kwa ule mwingine anakandamiza kifuniko cha kisanduku kisifunguke jua lisiingie. Walipotaka kumbeba alisema, "Tangulizeni hiki. Kina barafu ya saa tatu tu." Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Chupa mbili za chanjo zilipasuka, zilizobaki zilitumika siku ileile.

Mlinzi ndiye aliyeirudisha pikipiki kwa kuisukuma. Tairi la nyuma lilikuwa limepakwa oili, upande wa kushoto wote, na mnyororo unachuruzika. Tukakuandikia barua ya tatu, tukaeleza tairi lilivyokuwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na lilimhusu yeye. Ilikuwa barua ya onyo kwa mchanjaji, kwa "kuendesha chombo cha umma bila uangalifu na kusababisha upotevu wa dawa." Nakala kwenye jalada lake. Kiambatisho kilikuwa ile fomu ya fundi, kuthibitisha kwamba pikipiki ilikuwa nzima.

Tuliisoma barua ile barazani, watu sita tumesimama, yeye amekaa, mkono umefungwa kifuani. Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa sare, akaanza kupanga kadi za watoto kwa mkono mmoja. Kusema kweli, afadhali angelia.

Hapo ndipo tulipochoka. Sista alisema, "Mtu akiletwa anavuja damu uso mzima, humshoni pale unapoona damu. Unamwosha kwanza, ndipo unaona kidonda kiko wapi. Hii nayo ni hivyohivyo. Nipeni mafuta ya taa." Sisi si mafundi, na hatujidai. Lakini tuliiosha injini ile kwa mafuta ya taa na brashi, jioni mbili, tukabandua silikoni yote kwa kijiti, mpaka tukaona rangi ya chuma ambayo hatukuwahi kuijua. Tukaikausha kwa vitambaa. Mtoa dawa wetu akaleta poda ya watoto, tukainyunyiza injini nzima, ikawa nyeupe kama imetoka kwenye unga. Watu waliopita njiani walicheka. Mama Usafi akatandika kipande cha boksi chini yake, akachora alama gurudumu la mbele linapokaa, ili tujue kila tone limeanguka chini ya nini.

Mlinzi akaiendesha mpaka kwenye kinu na kurudi. Tukainama wote saba, na mchanjaji na mkono wake.

Poda ilikuwa nyeupe na kavu kwenye klachi. Ilikuwa kavu kwenye kichwa cha injini, na kavu kila mahali alipopaka Fundi Paka. Kwenye nati ya chini palikuwa na tone moja, nalo ni la yale meno aliyoyaua mwenyewe. Ila upande wa kushoto, nyuma ya ile sproketi ndogo inayovuta mnyororo, palikuwa na mfereji mweusi umeikata poda. Sili, ile pete ya mpira inayozunguka shafti kuzuia oili, ilikuwa imekufa. Oili inatoka pale, inadakwa na mnyororo, mnyororo unaibeba nyuma na kuitupa kwenye tairi. Inayobaki inatembea chini ya injini na kudondoka mahali pengine kabisa, na fundi anayetazama tone peke yake atakwenda huko pengine na spana yake.

Tulimlipa fundi wa sokoni akaweka sili mpya. Akaweka na nati ya chini nene zaidi. Boksi la Mama Usafi likawa safi siku nne. Siku ya tano, sili mpya ilikuwa imesukumwa nje ya kiti chake, na oili imerudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Hatutakudanganya, siku hiyo mtoa dawa alipendekeza tuiuze kwa kilo.

Fundi wa sokoni akajikuna shingo. Akasema, "Sili haitoki yenyewe. Kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani. Injini inapumua kama mtu, hewa yake ina njia ya kutokea. Yenu inatokea wapi?" Tukatazamana. Aliyejibu ni mchanjaji. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, macho yake sawasawa na injini, na hakuwa na kazi nyingine ila kutazama. Akanyoosha mkono mzima. "Ule mpira pale juu, mbona una kitu mdomoni?"

Kilikuwa boliti. Boliti ya kawaida, imesokomezwa ndani ya mpira wa kupumulia, ikafungwa kwa waya mara tatu na kupakwa silikoni juu. Unyevu ule fundi wako alioudhani ni mvujo ulikuwa pumzi tu ya injini. Akaiziba pumzi. Hewa ikakosa pa kwenda, ikatafuta mahali padhaifu kuliko pote, ikaisukuma sili iliyokuwa imeshachoka na kumwaga oili kwenye mnyororo, mnyororo ukaimwaga kwenye tairi, na mchanjaji wetu akaenda na tairi hilo mpaka mteremko wa kinu.

Mlinzi alikumbuka alichokiona siku ile, akaondoka akaenda kusimama getini peke yake kwa muda. Mchanjaji ndiye aliyemfuata akamwambia, "Mzee, usijitese. Hata mimi nilikuwa naitazama hiyo silikoni kila asubuhi."

Tukang'oa boliti, tukaweka sili nyingine. Leo ni wiki ya saba. Boksi liko pale barazani, unaweza kulikanyaga ukitoka. Halina hata tone.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunajua umekuja kutukabidhi pikipiki nyingine, ile yenye utepe. Tunashukuru. Nayo imetumika, tumeambiwa, na hatuna kinyongo na vyombo vilivyotumika. Sisi wenyewe hapa tumetumika vya kutosha. Ila ilipoletwa jana mchana, Mama Usafi alisukumia kipande cha boksi chini yake kabla dereva hajazima injini. Asubuhi hii kuna matone mawili. Hatujui yanatoka wapi, na kwa hiyo hatujagusa nati hata moja. Tunaomba asije mtu kuipaka chochote. Tutaiosha sisi. Utupe ruhusa na wiki moja, tutakuandikia inavuja wapi.

Tunaomba pia fomu ya matengenezo iwe na mstari wa kusaini yule anayeipanda pikipiki, na asaini baada ya siku saba, siyo fundi peke yake akiwa bado na spana mkononi.

Ombi la mwisho ndilo lililotufanya tukatae kupunguza dakika. Mchanjaji wetu amechaguliwa kwenda kusomea uuguzi. Ameomba nafasi hiyo miaka minne mfululizo. Barua ya kukubaliwa imefika, na masharti yake ni jalada lisilo na onyo. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa ya wiki hii. Onyo lile limetiwa saini na wewe, na hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kulifuta. Hatukuombi umhurumie. Tunaomba uandike kwamba halikuwa kosa lake, kwa sababu halikuwa. Boliti, waya, fomu tatu na picha za injini ikiwa na poda vimo kwenye bahasha iliyo mbele yako, karibu na chupa ya maji. Karatasi tupu na kalamu tumeweka pia. Tunajua ofisini kuna msongamano.

Tunajua kwamba risala haijibiwi papo hapo. Tunajua pia Ijumaa ni keshokutwa.

HITIMISHO

Mungu akulinde barabarani, wewe na dereva wako na wote mliofuatana. Awape breki zinazoshika na matairi makavu, na awajalie mfike makwenu mkiwa wazima kama mlivyotoka. Awabariki watoto wa vituo kumi na moja, na mikono yote inayowafikia.

Risala hii imesomwa na karani wa kadi kwa niaba ya watumishi wa zahanati. Wametia saini mganga mfawidhi, aliyetusihi tupunguze ukali kisha akasaini bila kupunguza kitu, Sista, mtoa dawa, Mama Usafi, mlinzi, na karani mwenyewe. Utaona saini ni sita na sisi ni saba. Mchanjaji hakusaini. Alisema hawezi kujiombea kwa karatasi ya wenzake, na akatusihi tuiruke aya inayomhusu. Tumeisoma yote.

Ni sisi,
Watumishi wa Zahanati