Benchi Lililokuwa Likitetemeka

“Kesho nani atanivusha barabara?” Fundi Cherehani aliuliza, na hakuna aliyemjibu. Si kwamba hawakumsikia. Benchi ni fupi, mabega yanagusana. Ila swali lilikuja mkiani mwa habari tamu, na kijiweni habari tamu humeza kila kitu. Zahanati ya ng’ambo ya barabara ilikuwa imeleta mashine ya kutetemesha miguu. Unasimama juu ya bamba, magoti umeyakunja kidogo, umeshika vyuma. Linakutikisa dakika moja, unapumzika, linakutikisa tena. Kiharusi kilikuwa kimeulaza mguu wa kulia wa Fundi, ule wa kukanyagia cherehani. Alishapanda mara sita, akipelekwa na mpwa wake. Jana mpwa kasafiri, karudi kazini kwake.

— Inatetemeka mara ngapi? aliuliza Redio, mtu asiyekosa habari wala kuwa na uhakika nayo.

— Mara thelathini kwa sekunde, wanasema.

— Basi umekwisha. Haraka haraka haina baraka.

— Redio, punguza sauti, alisema Spana, fundi wa magari. Mguu ni kama nati iliyoshika kutu. Ukiitikisa, inalegea.

— Ikilegea si itadondoka?

Spana akanywa kahawa kwanza.

— Mnaikumbuka mashine ya unga? Fundi aliuliza taratibu.

Nani angeisahau? Ukuta waliouegemea ulikuwa wa chumba cha mashine hiyo. Ikiwashwa, benchi zima lilitetemeka, kahawa ikachora viduara kikombeni, na ubishi wote ukawa wa kupigiana kelele. Fundi alishona hapo hapo barazani, mguu ukifuata mdundo wa mashine. Suruali moja haijapoa pasi, nyingine imeshakatwa. Siku hizo wote watatu walikuwa na meno kamili.

— Umeona sasa? alisema Redio. Ile ndiyo ilikuwa dawa yetu. Ilipong’olewa tu, mtaa mzima ukaanza kulia magoti.

— Si uzee huo? aliuliza Fundi.

— Uzee ulikuja baada ya mashine kuondoka. Fuatilia tarehe.

— Gereji nina kompresa ya upepo, nayo hutetemeka, alisema Spana. Tunalaza ubao juu yake, Fundi anapanda, zahanati ya nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mimi kuinama siwezi, ndugu yangu.

— Ndiyo maana nakupandisha.

— Tupande wote, Redio alidakia. Mwaka hauishi tutakuwa na timu ya mpira.

Fundi alicheka, maana aliwapenda. Lakini chini ya benchi mguu wake ulikuwa umelala kama mzigo wa mtu mwingine. Wiki iliyopita ulikanyaga pedali mara nne, wenyewe, bila kusaidiwa na mkono. Mtabibu alimwonya: ukikatiza sasa, tunaanza upya.

Ndipo akafika binti mmoja na kitambaa cha kijani kwapani. Mama yake alimwambia fundi wa zamani hupatikana hapa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Redio alimsimulia yote tangu mguu wa Fundi, naye akasimama akasikiliza hadi kwenye timu ya mpira, kisha akatazama ng’ambo.

— Samahani wazee wangu. Zahanati si ile pale? Kesho nani anampeleka?

Spana alikagua kucha zake. Redio alitikisa birika, lilikuwa tupu. Miguu minne mizima, na yote imekaa.

Fundi alikipokea kile kitambaa, akakipapasa kwa vidole, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

— Mwanangu, kesho saa tatu asubuhi pita hapa. Unishike mkono wa kulia, univushe.