Avelina Kokubanza, Aliyejifunza Kulala Ukubwani

Mchungaji, wazee na majirani mliotufikia, Avelina Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 Nyakakika, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1977 hadi 1983, akajifunza kushona, na magauni yake wengine mmeyavaa leo, msijifiche.

Tarehe 9 Septemba 1989 alifunga ndoa na Clavery Rweyemamu wa Ndama, wakajaliwa Benitha na Gideon.

Mwaka 1999 aliugua ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, madaktari huuita baipola, ukimpandisha halali, anapalilia migomba yake na ya jirani asiyemwomba, ukimshusha hainuki, mawifi wakataka arudishwe kwao, Clavery akawajibu, "Huyu si jembe la kuazima."

Dawa zilimtuliza, lakini usingizi uligoma, na Benitha alipochumbiwa Avelina aliogopa kupanda tena, asiione harusi ya mwanawe, hivyo Januari 2017 akaanza kwenda kwa muuguzi mshauri, Laurensia Uwingabire, ambaye tiba yake ni mazungumzo, watu wakacheka, mtu mzima anafundishwa kulala! Akafundishwa kuamka saa ileile kila siku, kitanda kiwe cha kulala si cha kuwazia, asijinyime usingizi maana kukesha humpandisha, na dawa asiache. Alipoulizwa jioni hufanya nini, akasema majirani wema humletea akamwani, kahawa za kutafuna, asikeshe mpweke, muuguzi akacheka akashika meza, "Mama, kumbe wanaokukeshesha ni hao!"

Sasa, kwetu kukataa kahawa ya mgeni si jambo dogo, jirani yake Agnetha alinuna, "Kwani nimeitia sumu?" Avelina akamwambia, "Njoo nayo asubuhi, dada, tutafune mpaka meno yalegee," akaja, na umbea haukupungua hata punje.

Usingizi ukarudi kidogo kidogo, na tarehe 24 Juni 2017 Avelina alicheza harusini mpaka kiatu kikakatika, kisha, wakwe wakiwa bado wanakula, akaaga akaenda kulala, mashangazi wakashika midomo, bwana harusi akapiga makofi. Mwaka 2019 alipanda tena, akarudi mwenyewe kwa mshauri, akatulia.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akafariki tarehe 3 Februari 2025 hospitalini, Clavery akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Laurensia, mafundi wenzake, na majirani, Agnetha ukiwemo.

Avelina, usingizi ambao wengine tunaupata bure wewe uliutolea jasho, basi lala, mwanamke hodari, Bwana atakuamsha kwa saa yake. Pumzika kwa amani.