Bi Mashavu Hakumwaga Hata Tone

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya shule yetu hapa Garsen, Bi Mashavu Komora anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 25 Julai 2025. Mwalimu Mkuu aliniomba mimi, Abdia wa Kidato cha Tatu, niandike wasifu wake kwa programu hii, kwa sababu eti mimi huongea kwa kalamu tu. Ni kweli. Hata majina yanapoitwa darasani naona haya kuitikia langu.

Bi Mashavu alizaliwa Golbanti, akasomea ufundi wa maabara Mombasa, kisha akaletwa kwetu wakati maabara ilikuwa chumba kimoja chenye popo darini. Popo aliwahamisha yeye. Mikeka midogo ya ukindu iliyo chini ya kila chupa aliisuka yeye. Wanafunzi wote waliopita mikononi mwake wanakumbuka maneno yake mtu akimwaga kitu mezani na kusema kimemwagika: "Hakina miguu hicho. Nani amekimwaga?" Mwalimu mmoja wa kemia aliwahi kujimwagia dawa ya zambarau kwenye suruali nyeupe. Bi Mashavu hakucheka. Alimpa leso yake, na mwalimu akamaliza kipindi amejifunga leso, akifundisha vizuri kuliko siku zote.

Kazi yake ya pili haimo katika faili lolote. Kila shule ilipofunguliwa, aliwasha gari lake dogo la buluu, lile la otomatiki, akaenda nyikani hadi mahali ng'ombe wanaponyweshwa, kuwatafuta wasichana ambao hawajarudi. Mimi ni mmoja wao. Baba alikuwa ameamua nibaki na ndama. Bi Mashavu hakubishana. Alikunywa chai, akasifu ndama, kisha akamwuliza baba ni yupi kati ya hao angemwachisha maziwa kabla ya wakati wake. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Jua halijatua nilikuwa ndani ya gari.

Ndiyo maana, nikitaka kueleza miaka yake yote kwa siku chache, nazichagua zile alizomwaga oili ya giaboksi nyumbani kwake Idsowe.

Mto Tana ulikuwa umefurika, na sasa maji yalikuwa yamerudi nyuma. Uwanja ulikuwa kimya, kama mtu aliyetoka usingizini na bado hajakumbuka jina lake. Ndege aina ya yangeyange walisimama mashambani, weupe, kila mmoja juu ya kivuli chake. Mabweni ya shule yalikuwa yameloa, kwa hiyo mimi nilikuwa nakaa kwa Bi Mashavu. Palipokauka palikuwa padogo tu katikati ya uwanja, na hapo ndipo lilipokuwa gari. Pande zake zote palikuwa na mikeka ya mpunga wa kaka yake, Sadik, uliookolewa majini na sasa unaanikwa.

Mafuriko yalikuwa yamelifunika gari mpaka juu ya magurudumu. Fundi aliikausha injini ikawaka, lakini ukitia gia lilinguruma tu, halisogei. Fundi akafuta mikono. "Mama, giaboksi imekufa. Uza vyuma."

Siku hiyohiyo alifika Roble, ami yake Ilhan. Ilhan ni mwenzangu wa dawati moja, na tangu mafuriko alikuwa hajarudi. Roble alisimama kando ya mikeka, fimbo begani. "Madam, baba yake Ilhan amesema hivi. Watu wa pikipiki wanaokuja kumchukua msichana wamemchosha, kila mmoja anakuja na maneno yake. Gari la buluu likija, msichana atapanda. Lisipokuja mpaka Jumapili, tunahama na mifugo, na yeye anahama nasi."

Bi Mashavu alilitazama gari kama anavyotazama chupa isiyo na lebo. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga. Oili ya gia huwa nyekundu. Hii ilikuwa ya waridi, nzito, kama maziwa yaliyotiwa sharubati. "Haijafa," akasema. "Imekunywa maji. Tutaitapisha."

"Hapa?" Sadik akaruka. "Katikati ya mpunga wangu? Dada, tone moja tu, na pilau yetu itanuka gereji mpaka Idi!"

"Basi halitaanguka."

Nilimtazama akifanya kazi na wallahi nilisahau kupumua. Aliliinua gari kwa jeki, akaweka magogo chini, akalisukuma kwa nyonga kuhakikisha halitikisiki. Halafu akatandika turubai, akakunja kingo zake juu ya fito zikawa kama ukuta wa sahani. Juu ya turubai akamwaga makapi ya mpunga, ili chochote kitakachopotea njia kinywewe hapohapo. Juu ya makapi akaweka karai, pana kuliko nilivyodhani linahitajika. Mwisho akajifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono. Oili, aliniambia, hupenda kushuka mpaka kwenye kiwiko bila mtu kujua.

Akalala chini ya gari. Bolti iliyoziba tundu la oili aliilegeza kwa spana, kisha akaimalizia kwa vidole huku akiisukuma juu, taratibu sana, kama hataki itoke. Ilipofika mwisho, akaiondoa ghafla kwa upande. Na mkono wake wa pili ulikuwa na spoki ya baiskeli, safi, ameilaza kutoka kwenye tundu hadi ndani ya karai. Ndivyo alivyotufundisha kumimina asidi kwa kijiti cha kioo. Oili ikaishika spoki na kuteremka nayo, bila kuruka, bila sauti hata kidogo. Utepe wa waridi ulining'inia hewani, na jua lilipita ndani yake. Nilihisi kama muda wenyewe ndio unaoteremka pale, na hakuna anayeuharakisha.

Roble alichuchumaa. "Madam, usiitupe hiyo. Nipe nipake mbuzi, kupe wamezidi."

"Roble, mbuzi wako wamekukosea nini? Nenda duka la dawa."

"Kumbe kwa Madam hata mbuzi wana bima," Roble akalalamika, na hata Sadik akacheka.

Oili yote iliingia kwenye madumu yenye vifuniko. Mimi nilibandika lebo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili asitokee mtoto akadhani ni juisi. Baadaye yalipelekwa gereji, kwenye pipa la oili chafu. Kiasi kilichotoka alikipima kwa jagi, akarudisha kiasi kilekile cha oili mpya kwa faneli, kupitia kwenye bomba la kijiti cha kupimia. Akawasha gari, mguu kwenye breki, akapitisha mkono wa gia kila mahali polepole, akazima. Ukimwaga mara moja, oili nyingine hubaki imejificha ndani. Kwa hiyo alisubiri mpaka chuma kikaweza kuguswa, akalala tena chini, akamwaga tena.

Kila mara alitia kidogo kwenye neli ya majaribio na kuisimamisha dirishani. Ya kwanza maziwa ya waridi. Iliyofuata hafifu, yenye ukungu. Tulirudia, na tukarudia, hata Sadik akaacha kulinda mpunga, akawa analeta oili mpya mwenyewe. Jumamosi, neli ya mwisho ilikuwa nyekundu na angavu kama moyo wa tikitimaji. Zote zilipangwa pale, mwanga ukipita ndani yake, na ukutani kukawa na mistari ya rangi inayotembea na jua. Nilitamani niishi ndani ya ule ukuta.

Bi Mashavu akalishusha gari kutoka kwenye magogo, akatia gia. Kimya. Kisha gari likajikunyata kidogo, kama ng'ombe anayetaka kuinuka, likasogea. Sadik alikunja mikeka haraka kulifungulia njia. Chini ya pale liliposimama udongo ulikuwa mkavu. Aliinama, akaunusa, akanyamaza. Kutoka kwa Sadik, hiyo ni pongezi kubwa.

Jumapili asubuhi lile gari la buluu liliondoka kwenda nyikani. Mimi sikuulizwa kama nataka kwenda. Nilifunguliwa mlango tu.

Bi Mashavu, shule hii inakushukuru kwa maabara, kwa mikeka, na kwa leso ambayo mwalimu wa kemia mpaka leo hajairudisha. Nenda Golbanti ukalime taratibu kama ulivyofanya kila kitu. Tunakuombea siku ndefu, zenye mwanga, zisizomwagika.

Wenzangu mlioketi hapa, mnajua mimi siwezi kusimama mbele ya watu. Niliyoandika nimeyakabidhi kwa mwingine ayasome. Sauti mnayoisikia tangu mwanzo ni ya Ilhan.